Mwaka Tuliowinda Ngurumo

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nawaomba msisome mkiwa mmesimama, maana mtu aliyesimama husoma kwa miguu. Sitawaambia baba yangu alikuwa nani wala mama alizaa wangapi. Hayo mnayajua, na asiyejua ana shangazi wa kumwuliza. Nataka niwape mwaka mmoja tu, ule wa jua kali baada ya Uhuru, nilipokuwa msichana wa kazi katika nyumba ya meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba. Nimeurudia mwaka huo kwa sababu majuzi nilikwenda Chakol kumzika Etyang. Pale matangani mama mmoja aliniuliza, kwa heshima tu, "Mama, wewe ni wa upande gani, wa mzee au wa mjane?" Nikamjibu, "Mimi ni wa upande wa jikoni." Walicheka wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Etyang alikuwa mpishi, mimi nilikuwa wa kufua na kutandika vitanda, na mwanamke Mzungu tuliyemwita Memsabu ndiye aliyetufanya sisi watu wazima na akili zetu tuhangaike kutafuta ngurumo kama watu waliopotelewa na ng'ombe.

Kazi yenyewe niliipata kwa jina. Tulikuja wasichana wawili siku hiyo, na mwenzangu alijua kupiga pasi mpaka kola. Mimi pasi ya makaa nilikuwa nimeiona tu kwa fundi cherehani. Memsabu alikuwa kibarazani na kikombe chake, mwanamke mrefu, shingo nyekundu kwa jua, nywele amezikata kama za mvulana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa mashamba, kisicho na mkia wala kichwa, lakini kilifika. "Wewe jina gani?" Nikasema Nafula. "Hii jina iko na maana?" Mimi nikaona haya, basi Etyang, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, akanisemea: "Memsabu, Nafula ni mtoto alizaliwa mvua ikinyesha." Akaweka kikombe chini. "Mvua pamoja na ngurumo?" Mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo vyungu vilitetemeka jikoni hata kimoja kikapasuka, kwa hiyo nikasema, "Na ngurumo, Memsabu. Nyingi." Yule mwenzangu akarudi kwao na ujuzi wake wa pasi. Nilipopita mlangoni Etyang alininong'oneza, "Dada, hapa umeandikwa kazi ya kuleta mawingu. Shida yako utaiona." Nilimwona mtu wa mdomo. Alikuwa mtu wa mdomo kweli.

Shida ilikuwa hivi. Memsabu alipenda ngurumo. Sisemi mvua, mvua kila mtu anaipenda, shamba likiwa linalia. Yeye alipenda radi yenyewe, ule mlio na ule mwanga, vitu ambavyo kwetu vikianza mtu hufunika kioo kwa shuka, huficha sufuria inayong'aa, na kukaa kimya mbali na mlango. Jioni jua likipoa alikuwa akituita tukae naye kibarazani, mimi nikichambua mchele, Etyang akimenya viazi, na yeye akitazama juu kwa darubini kama mtu anayetafuta mgeni kwenye basi. Ndipo akatueleza kwamba huko kwao Uingereza radi ni kitu cha nadra. Yeye na kaka yake na marafiki wao wachache, mmoja akiwa fundi viatu na mwingine muuza mikate, walikuwa na chama chao kisicho na ofisi. Siku za joto walisikiliza redio, na redio ikisema labda, labda tu, kutakuwa na ngurumo, waliacha kazi, wakapanda baiskeli mpaka juu ya kilima, wakakaa na chai yao ya chupa kuingoja. Mara nyingi walirudi wamelowa manyunyu tu, bila hata mlio mmoja. Na aliyekosa ile kubwa kwa sababu alikuwa kwa daktari wa meno, waliendelea kumcheka mpaka akazeeka. Etyang aliacha kiazi hewani. "Memsabu, nyinyi mngesema mapema. Sisi tungewauzia. Huku inaua ng'ombe bure na hakuna anayelipa." Memsabu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilifikiri, watu hawa wameshiba sana, hata hofu wanaiendea kwa baiskeli.

Lakini siku nyingine aliniambia neno lililonifanya nimhurumie, na tangu hapo nikawa upande wake. Tulikuwa chumba cha kulala, mimi nikigeuza godoro, naye akakaa kwenye kiti na kufungua sanduku dogo la kijivu. Ndani kulikuwa na mashine ya betri ya kunasa sauti, na magurudumu mawili ya utepe wa kahawia. Akaniambia kaka yake, yule wa baiskeli, alikuwa amepofuka. Macho yalikwenda pole pole mpaka yakazimika. Mwanga wa radi hatauona tena. Kumebaki mlio, na kwao mlio ni wa kubahatisha. "Yeye nakaa kwa kiti, nangoja," alisema. "Mimi nataka peleka yeye ngurumo ya Afrika. Moja tu. Kubwa." Na muda ulikuwa mfupi, maana kiwanda kilikuwa kinakabidhiwa wakulima wenyewe, na pamba ya msimu ule ikishachambuliwa Bwana na Memsabu walikuwa wanarudi kwao moja kwa moja. Niliona jambo dogo. Nikamwambia, "Memsabu, hapa ni Busia. Ngurumo hapa ni kama mbu."

Nilisema hivyo na mbingu zikanisikia. Mwaka ule mvua ilitukataa. Ilinyesha Butula, tukasikia habari zake kwa wauza ndizi. Ilinyesha Samia, ilinyesha ng'ambo Uganda, mawingu yakirundikana saa za chai, meusi kabisa, juu ya ule mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka Malaba, na mngurumo wa mbali ukija kama mtu anayeviringisha mapipa matupu. Memsabu alikuwa akikimbilia mashine, anaiwasha, anaweka kidole mdomoni tusipumue. Kisha wingu linageuka. "Hii ngurumo nakwenda wapi?" aliuliza siku moja, na uso wake ulikuwa wa kulia. "Nakwenda Uganda, Memsabu," alisema Etyang. "Kwa nini?" "Labda iko na shemeji huko." Bwana, mumewe, mtu mpole asiyesema mpaka aulizwe, alitikisa kichwa nyuma ya gazeti. Mimi ndiye niliyekuwa nalaumiwa. Wanawake wa kisimani walisema, "Nafula, jina lako limekauka?" Walikuwa wanacheka, lakini chini ya kicheko kulikuwa na neno lingine, kwamba yule Mzungu anaita radi, na mtu anayeita radi hataki salamu, anataka mtu. Mmoja alinihamishia ndoo yangu mbali na yake. Niliirudisha pale pale ilipokuwa.

Basi tukaanza kuiwinda. Memsabu aliendesha Landrova mwenyewe, Etyang mbele na mashine mapajani kama anayebeba mtoto wa mtu, mimi nyuma na kikapu cha viazi vya kuchemsha na chupa ya chai. Twende Butula, tukifika, njia ina matope na mbingu nyeupe, mvua imekwisha pita. Siku iliyonikaa zaidi ni ya Malaba. Tulisimamisha gari kwenye mwinuko karibu na reli, malori yakiwa yamejipanga kuvuka, na matanboi, vijana wasaidizi wa madereva, wamekaa juu ya mizigo wakila miwa. Wingu la Tororo safari hii lilikuwa linakuja kwetu, nawaambia linakuja, hata upepo ulishabadilika ukawa na harufu ya udongo. Tanboi mmoja akapiga kelele, "Mama, hilo sanduku mnauza?" Etyang akajibu, "Tunanasa ngurumo." Lori zima likalipuka kwa kicheko. "Ngurumo! Na mkishaikamata, hapo forodhani mtasema ni mzigo gani?" "Semeni ni sufuria!" "Lakini boss, ushuru wake si wa mchezo!" Memsabu hakuelewa yote, akawapungia mkono. Na hapo hapo radi ikapiga, moja, tamu, iliyopasua anga kutoka upande mpaka upande. Na hapo hapo garimoshi likapiga king'ora likaanza kuvuta mabehewa. Tulipoisikiliza nyumbani, utepe ulikuwa na garimoshi, na baada ya garimoshi, mtu anayecheka akila muwa. Memsabu alizima. Hakula usiku ule. Sahani ya kuku ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, tukaila sisi, na hatukufurahia.

Ni kwenye chakula kile Etyang aliniambia habari za Omoding. Jiko letu lilikuwa nyuma ya nyumba, jengo lake lenyewe, stovu ya kuni upande mmoja na upande mwingine meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa wa kigae. Chakula chetu tulipika baada ya chao, ugali wa wimbi na muhogo, mboga ya mrenda, siku nyingine samaki mkavu. Etyang alikuwa na desturi ya kukwangua ukoko wa ugali na kuusogeza upande wangu wa sahani bila kusema neno, na mimi niliula bila kusema neno. Siku hiyo nilimwuliza, "Wewe kila siku mzaha. Radi huiogopi?" Akatafuna kwanza. Akasema alikuwa na kaka, Omoding, aliyepigwa na radi akichunga, mchana, watu wakiona. Kwao na kwetu ni hali moja: radi haisemwi kuwa imepotea njia. Ikimpiga mtu, watu hawaulizi alikuwa amesimama wapi, wanauliza alikuwa ameiba nini. Kabla hata ya kumwosha walishaanza kuhesabu mbuzi wao. Hakuna mbuzi aliyepungua, lakini neno mwizi lilishatoka, na neno hilo halirudi mdomoni. Mama yao tangu siku hiyo, kila ikinguruma, alitoka mlangoni akaipigia kelele mbele ya majirani wote, na watoto aliwafunza wafanye hivyo. "Sifikirii," Etyang aliniambia. "Inatoka tu. Kama kupiga chafya." Mimi sikulitia maanani. Nilikuwa nawaza ukoko.

Pamba ikaisha. Masanduku ya mbao yakaletwa, nikawa nafunga sahani kwa magazeti, na mashine ikabaki mezani kibarazani, maana Memsabu alikataa isifungwe. Alikuwa amekonda. Nadhani alikuwa ameshaacha kutumaini na anangoja kwa ukaidi, kama mtu anayekaa stendi baada ya basi la mwisho. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, sina habari, nafunga vikombe, mara chumba kikaingia giza. Halikuwa wingu la Tororo. Hili lilitoka upande wa mlima, nyuma ya nyumba, huko ambako hakuna aliyekuwa anatazama. Kuku wakaingia chini ya gari. Nilimsikia Memsabu akikimbia na soksi. Akawasha mashine, akatunyooshea kidole, mimi nikajibana ukutani, Bwana akavua hata saa yake akaiweka chini ya mto ili isilie. Ya kwanza ikapiga mbali. Ya pili ikapiga juu ya kiwanda. Nilikuwa nimezoea kufunika uso, lakini siku hiyo nilimtazama Memsabu, machozi yanamtoka na kinywa kiko wazi kama mtoto anayelishwa, nikasahau kufunika. Nikaangalia juu. Nawaambia kweli, sikuwahi kuiona radi kabla ya siku ile. Nilikuwa naisikia tu chini ya shuka. Nilikuwa sijui kwamba ina matawi.

Ya tatu ilipopiga, nyumba ikanyanyuka na kushuka. Na kutoka jikoni, katikati kabisa ya ule mlio, ikaja sauti ya Etyang, kwa Kiteso, ambacho sisi wa Busia tunakisikia, kwa nguvu zote za kifua: "Pita! Pita wewe! Hapa hakuna mwizi! Omoding hakuiba! Hakuiba kitu!" Na mimi, mjinga wa mashine, nikapiga kelele zaidi yake: "Etyang, nyamaza! Nyamaza, Etyang, inanasa!" Naye hakunyamaza. Kila ilipopiga alijibu, mpaka wingu likapita, mvua yenyewe ikashuka, na kelele za bati zikamfunika kila mtu.

Memsabu aliurudisha utepe nyuma. Etyang aliitwa, akasimama mlangoni analowa, ameshajua. Tukasikiliza. Ngurumo ilikuwa humo, nzima, kubwa kuliko hata ilivyokuwa. Na ndani yake walikuwa watu wawili, mwanamume anayelia kwa hasira na msichana mwenye sauti nyembamba anayemfokea kwa jina lake. Sikujua ni mimi mpaka Etyang aliponitazama. Bwana akasema neno kwa Kiingereza na kufanya vidole vyake kama mkasi. Tukaelewa, pale pakatwe. Memsabu akanigeukia. Akaniuliza mimi, "Etyang nasema nini?" Etyang akaangalia miguu yake. Basi nikasema mimi, polepole, kwa kile Kiswahili chetu cha nyumba ile. Kwamba Omoding ni ndugu yake. Kwamba radi ilimuua, na watu wakasema mwizi. Kwamba Etyang anaiambia si kweli. Memsabu akaweka mkono juu ya mashine. Bwana akaonyesha mkasi wake tena. Memsabu akasema "No," neno ambalo hata kuku wa nyumba ile walilijua. Kisha akamgeukia Etyang. "Ndugu yangu, ile macho kwisha," akasema, "yeye nasikia ndugu yako. Hii naenda yote." Etyang alijibu, "Ndiyo, Memsabu," kama mtu aliyeagizwa chai, akarudi jikoni. Nilipomfuata baadaye nilimkuta anasugua sufuria iliyokwisha takata. Asubuhi aliomba kuisikia tena. Aliisikiliza amesimama wima, mikono nyuma, kama shuleni mbele ya bendera. Akaniuliza tukiwa peke yetu, "Huko watajua Kiteso?" Nikamwambia hawatajua. Akasema, "Si kitu. Watajua mtu anabisha."

Waliondoka. Utepe Memsabu hakuupakia. Aliushika mapajani, umefungwa kwa kitambaa cha meza nilichokipiga pasi mwenyewe, maana kufikia hapo nilishajua pasi. Etyang alipata kazi ya hoteli huko Tororo. Aliniambia, "Nafula, nikipata chumba nitakuita." Ama chumba hakikupatikana, ama kilipatikana na mimi sikuitwa, sikuuliza, na wakati huo msichana hakuuliza. Mimi nikaolewa Matayos na babu yenu, mtu mzuri, sina neno juu yake. Etyang akaoa Chakol. Tukionana sokoni tulisalimiana habari za watoto na bei ya mahindi. Kama yule kaka asiyeona alisikia ngurumo yake, sijui. Kama alipoisikia aliuliza, hawa wawili wanaogombana ndani yake ni nani, sijui. Nimekuwa nikijibu swali hilo miaka yote hii nikiwa nafua, nikiwa napalilia, nikiwa kanisani mchungaji anaposema na sisikii.

Kule matangani picha yake ilikuwa kila mahali, mpaka kwenye fulana. Mjukuu wake wa kike alikuwa anapita kwa wazee na simu, kila mtu aseme machache juu ya marehemu. Alipofika kwangu alikuwa amechoka. "Nyanya, picha tunazo tele," alisema, "lakini tumetafuta kwa simu zote, hakuna hata moja iko na sauti yake. Babu akuwe na hiyo mdomo yote, na hakuna sauti." Nikamwambia, "Iko." Akakaa chini pale pale kwenye nyasi. "Iko wapi?" "Iko Uingereza. Ndani ya ngurumo." Nikamsimulia, si yote. Akafungua simu yake haraka, vidole tayari. "Niambie jina ya huyo Memsabu nitafute." Nami nikafungua kinywa, na hakikuwa na kitu. Mwaka mzima nilitandika kitanda chake, nilijua upande anaolalia, nilijua anavyokohoa, na hatukuwahi kumwita chochote ila Memsabu. Msichana akangoja. Nikamwambia aniache nipumzike.

Leo saa tisa wingu limesimama juu ya Matayos, jeusi, na kwa jinsi lilivyokaa halina shemeji Uganda. Hapa ndani mmeanza yale yenu, mmoja anachomoa waya, mwingine anaita "Nyanya ingia ndani, Nyanya funga mlango." Nimeweka kalamu chini nikawaambia, na naliandika ili lisibishaniwe: mlango ubaki wazi, mwenye simu aiwashe ainase hii kuanzia mlio wa kwanza, na nikianza kupiga kelele asiwepo hata mmoja wa kuninyamazisha.